Kosa la Ngeli

Shahada ya biashara na sheria kwa mpigo mmoja haikuwa wazo la Dodosa. Ilikuwa suluhu ya ugomvi wa wazazi wake, ugomvi uliochukua muda hadi majirani wakawa wamekwisha kuchagua pande.

Mama yake alikuwa mpiga chapa mahakamani. Alikuwa amechapa hukumu za watu wengine mpaka vidole vikazoea neno "hivyo basi" kuliko jina lake mwenyewe, na aliapa kwamba siku moja angechapa hukumu yenye sahihi ya mwanawe chini yake. Baba yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, alikuwa na bekari ya chumba kimoja na kibaraza, yenye tanuri la matofali alilolijenga mwenyewe. Kwa akili yake Fundi, chuo kikuu kilikuwa mahali pa kumpeleka mtoto akajifunze kusimamia bekari. Mtoto alikuwa huyo huyo mmoja. Mama alimvuta huku, baba alimvuta kule, na ajabu ni kwamba hakuchanika.

Jina la Dodosa alipewa na baba yake angali mdogo, siku aliyomwuliza mkate unajulikanaje kwamba umeiva. Fundi alijibu kwamba unagongwa kitakoni. Ukitoa sauti ya kitu chenye uwazi, umeiva. Mtoto akauliza, na ukinyamaza? Akauliza tena, na ukidanganya? Fundi akaacha kazi akacheka, akasema huyu amekuja duniani kutudodosa, na jina likamganda.

Aliyemaliza ugomvi ule alikuwa karani wa dirisha la udahili, mwanamke mwenye njaa aliyeiona foleni ikirefuka nyuma ya wazazi hawa wawili.

"Jamani, kuna ya pamoja," alisema. "Biashara na sheria. Anasoma zote mbili, anachelewa kumaliza kidogo, basi. Nipeni vyeti."

Wazazi wakatazamana. Kila mmoja alirudi nyumbani akitangaza kwamba ameshinda. Vita vya panzi furaha ya kunguru, na kunguru mwenyewe, Dodosa, alikuwa amesimama pale katikati akitabasamu. Hakuna aliyemwuliza anataka nini, na alichotaka kilikuwa kujua kila kitu.

Jengo la biashara lilikuwa bondeni, jipya, lenye vioo. Jengo la sheria lilikuwa kilimani, la zamani, lenye ngazi zilizolika katikati kwa nyayo za watu. Wanafunzi wa shahada ya pamoja walikuwa wachache na walitambulika kwa jasho. Bondeni waliitwa "wale wanasheria" na kilimani waliitwa "wale wachuuzi", na walipochelewa kipindi kwa sababu ya kile kilima, kila upande uliwatazama kama wageni waliokuja kula bila kualikwa.

Dodosa hakujali. Alipenda kuona kitu kimoja kikibadilika sura kikipandishwa kile kilima. Chukua sakafu ya duka. Bondeni walifundishwa kwamba sakafu inayong'aa huvuta wateja. Mchana huo huo kilimani, sakafu ile ile ikitajwa, mwalimu aliuliza swali moja tu: nani ameteleza? Mkono wa Dodosa ulikuwa hewani pande zote mbili. Ulipoinuka saa ya chakula ikikaribia, darasa zima liliguna.

Mwalimu wa sheria ya makampuni alikuwa mama mwembamba ambaye wanafunzi walimwita Kifungu, kwa sababu hata chumvi hakuweza kuiomba bila kutaja kifungu cha sheria. Ndiye aliyefundisha pia kuandika hoja za kesi kwa Kiswahili, somo lililokuwa limeanzishwa karibuni ili wananchi wenye kesi zao waelewe wanasemewa nini. Somo hilo wanafunzi walilidharau. Kila mtu alijiona anakijua Kiswahili tangu tumboni.

Wakati huo Fundi alikuwa anakohoa.

Alikuwa anakohoa siku nyingi, lakini sasa kikohozi kilikuwa kinamkatiza maneno, na akimaliza alibaki ameshika ukingo wa meza, mabega yakipanda na kushuka. Mkewe alimburuta hospitali. Fundi aliporudi alitangaza kwamba daktari amemshauri apunguze vumbi kidogo. Bahati mbaya kwake, mama alikuwa ameingia naye chumbani kwa daktari.

"Hakusema kidogo," mama alimwambia Dodosa. "Amesema unga umemkaa kifuani. Barakoa ingemfaa zamani, sasa imechelewa. Amesema, 'Mzee, toka kwenye huo unga. Usipotoka, siku moja kifua kitafunga na sisi hatutawahi.' Hivyo ndivyo alivyosema, na baba yako alikuwa anaangalia dirishani kana kwamba anaambiwa mtu mwingine."

Alinunuliwa barakoa. Aliivaa kidevuni. Sikio la kufa halisikii dawa, na la Fundi lilikuwa na hoja zake. Kibali cha bekari kilikuwa na jina lake. Ubao wa nje uliandikwa Kwa Fundi. Hamira, alisema, ilimjua.

"Kimya anaweza kazi yote," mama alimwambia. Kimya alikuwa mwanamke aliyekanda unga na Fundi miaka mingi, na aliitwa hivyo kwa sababu hajawahi kunyamaza hata akila.

"Kimya ni mkono wangu wa kulia," Fundi alijibu. "Umeona wapi mkono umekwenda kazini, mwili umebaki nyumbani? Bekari ni mimi. Mimi nikitoka, bekari imetoka."

Mama aliingia chumbani akalia. Dodosa alimsikia kupitia ukutani, na kwa mara ya kwanza maishani hakuwa na swali la kuuliza. Alikuwa na hofu tu.

Juma lililofuata, kilimani, Kifungu aliandika ubaoni maneno matatu: Kampuni ni mtu.

"Si mzaha," alisema. "Mbele ya sheria ni mtu. Inamiliki mali kwa jina lake. Inashtaki, inashtakiwa. Walioianzisha wakifa, yenyewe inaendelea."

Wenzake waliandika huku wakipiga miayo. Kalamu ya Dodosa ilisimama. Mkono ukapanda.

"Mwalimu, mtu huyo yuko wapi?"

"Hayuko popote."

Darasa likacheka. Dodosa hakucheka. "Na yule aliyeianzisha, akitaka kutoka?"

"Anatoka," alisema Kifungu. "Inabaki."

Basi Dodosa aliteremka kilima kile siku hiyo kama aliyeokota dhahabu. Baba yake alisema bekari ni yeye. Sheria ilikuwa na kisu cha kuwatenganisha, tena kisichomwaga damu. Ikiwa bekari inaweza kuwa mtu mwingine, basi Fundi anaweza kutoka, na bekari isitoke naye.

Jumapili aliwakalisha jikoni, baba, mama na Kimya, akawaeleza.

"Baba, bekari ikiandikishwa kuwa kampuni, inakuwa mtu mwingine. Si wewe tena."

"Mtu gani?"

"Mtu tu. Mbele ya sheria."

"Mwanamume au mwanamke?"

"Mwanamke," alidakia Kimya. "Kazi yote ile, mwanamume angekuwa ameshatoroka."

"Ngoja, Kimya. Anakula nini?"

"Hali, baba."

"Anaoa?"

Dodosa alifikiri. "Kampuni mbili zinaweza kuungana zikawa moja."

"Basi hiyo ndiyo ndoa," alisema mama, ambaye alikuwa ameapa hatachangia.

"Akikosea anafungwa?"

"Anatozwa faini. Kufungwa atafungwaje, hana mwili."

"Maskini," Fundi alisema, na alimaanisha. "Anazeeka?"

"Hazeeki."

"Anakufa?"

"Mpaka afutwe kwa msajili. La sivyo hafi."

"Na mimi nikiwa sipo?"

"Yeye yupo."

Fundi aliegemea kiti. Macho yake yalikuwa yamewaka kama ya mtoto aliyeoneshwa mchezo wa kiinimacho, na Dodosa aliyatazama akafurahi, maana alijua udadisi wake hakuurithi kwa mama. Walikaa pale mpaka chai ikapoa. Fundi aliuliza kama mtu huyo anaweza kutukanwa, kama anaweza kuwa na adui, kama ana siku ya kuzaliwa. Siku ya kuzaliwa anayo, alijibu Dodosa, imo kwenye cheti chake. Hapo ndipo Fundi alipokubali kuandikisha, na kumwachia Kimya beseni la unga.

Akaweka sahihi. Hisa ziligawanywa kwake, kwa mkewe na kwa Kimya, na Kimya akafanywa mkurugenzi, cheo alichokitangaza mtaa mzima kabla wino haujakauka. Kwenye ubao wa nje, baada ya Kwa Fundi, likaongezwa neno Kampuni, kwa rangi isiyofanana na ya zamani.

Kuanzia hapo lugha ya nyumba ile ilibadilika. Fundi, aliyesema anakwenda kuangalia hesabu tu, akirudi jioni mama alimwuliza, "Ameshindaje?" naye akajibu, "Ameuza trei zote, isipokuwa moja." Kimya akipita asubuhi alipiga hodi akisema ameamka. Mama, ambaye kazini alisahihisha Kiswahili cha mahakimu, alijitahidi kupinga siku za mwanzo, mwishowe akachoka akasema na yeye. Dodosa ndiye aliyeanza, na ndiye aliyezoea kuliko wote. Ilikuwa mzaha mtamu, na mzaha mtamu haukaguliwi.

Ijumaa moja alirudi kutoka chuoni mapema, akapitia bekari. Alimkuta baba yake ameinama juu ya beseni la unga, mweupe kuanzia nyusi hadi viatu, barakoa kidevuni.

"Baba! Si tulikubaliana unatoka?"

"Nitoke niende wapi?" Fundi alikohoa, akasubiri, akaendelea. "Mtoto hata meno hajaota."

"Mtoto gani?"

"Huyu uliyetuletea. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nimlee kwa mbali?"

"Lakini mkurugenzi ni Kimya!"

"Kimya ni yaya mzuri. Mimi ndiye baba."

Na kumbe hali ilikuwa mbaya kuliko zamani. Mama alimweleza Dodosa jioni, kwa sauti ya mtu aliyechoka kukasirika. Zamani Fundi akizidiwa na kifua alikuwa akifunga bekari siku moja akalala. Sasa hafungi kabisa. Alipoulizwa alitoa hoja ambayo hata wakili angeionea wivu: zamani bekari ilikuwa yeye, na yeye akichoka, bekari imechoka. Sasa ni mtu mwingine, na huyo mwingine hajachoka. Atamfungiaje mlango mtu ambaye hajachoka?

"Umempa mtoto wa uzeeni," alisema mama. "Umeona mzee gani akamwacha mtoto wa uzeeni?"

Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Dodosa alijilaza kitandani akitazama dari, akajaribu kutafuta ni wapi alipokosea. Sheria aliieleza sawasawa. Biashara aliipanga sawasawa. Hisa, kibali, mkurugenzi, kila kitu kilikuwa mahali pake, na baba yake alikuwa anaongezewa unga kifuani kila siku kwa kazi ya mikono yake yeye. Hakupata jibu, na mtihani wa kuandika hoja kwa Kiswahili ulikuwa umefika. Akaenda akaufanya, huku akili imebaki nyumbani.

Baada ya siku chache aliitwa ofisini kwa Kifungu. Karatasi yake ilikuwa mezani, imejaa wekundu kama iliyotoka vitani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Usikae kwanza. Soma hapa, kwa sauti."

Dodosa akasoma. "'Kampuni alikataa kupokea mzigo kwa kuwa yeye hakuwa ameuagiza.'"

"Sikio haliwashi?"

Sikio lilikuwa linawasha, sasa. Alipekua kurasa. Kampuni alisaini, kampuni alichelewa, kampuni huyu na mwenzake. Ukurasa kwa ukurasa, hakukosea kukosea hata mara moja.

"Lakini mwalimu, ulisema ni mtu."

"Nilisema."

"Na mtu ni a-. Kiongozi jina lake linaanza na ki-, ila hatusemi kiongozi kimefika. Tunasema amefika. Kipofu, kijana, kifaru, hivyo hivyo. Hata mbu, mwalimu, mbu amening'ata. Mbu apewe a-, kampuni yenye malori inyimwe?"

Kifungu alikuwa amejiandaa kugomba. Badala yake aliweka kalamu chini, akavuta kiti kingine kwa mguu. Alikuwa amefundisha maneno yale matatu kwa miaka, na watu wote waliyaandika, na hakuna aliyewahi kuyafuata mpaka mwisho kuona yanakokwenda.

"Sasa kaa," alisema. "Tujibu hilo swali lako. Mbu ana nini ambacho kampuni haina?"

"Mabawa."

"Ndege ya abiria ina mabawa, na tunasema imetua."

"Damu."

"Ile ya kwako aliyoiiba? Jaribu tena."

"Roho."

"Roho hatuwezi kuileta mahakamani ikaonekana. Nipe kitu cha kuonekana."

Dodosa alikaa akatazama nje, ambako mtunza bustani alikuwa anafagia majani. Alimpitisha kila mmoja kichwani: kiongozi, kipofu, kifaru, kuku, mbu. Akajaribu na vile visivyopewa a-: lori, mti, mahakama.

"Wanapumua," alisema. "Wenye a- wanapumua."

"Na shetani?"

"Shetani tumemzoea tu, mwalimu."

Kifungu alicheka mpaka akavua miwani. "Haya, sheria yako ina tundu, lakini inasimama. Tuipime mara ya mwisho. Maiti?"

"Maiti ime..." Dodosa alinyamaza. "Maiti imeletwa. Maiti imelazwa."

"Na huyo huyo, juzi?"

"Juzi alikuwa amekuja. Amekula. Ameaga."

Alitamka maneno hayo polepole, na raha yote ya mjadala ikamtoka. Hakuwa anamwona tena mbu wala kifaru. Alimwona baba yake ameshika ukingo wa meza, mabega yakipanda na kushuka, na kati ya herufi moja na nyingine hapakuwa na kitu ila pumzi ile.

Kifungu aliuliza kuna nini, na Dodosa akamwambia yote, daktari, bekari, mtoto wa uzeeni. Alisimulia akilia, jambo lililomtia aibu, na mwalimu akasogeza karatasi ya mtihani isilowe.

"Kwa hiyo ulimwambia baba yako kampuni ni mtu, ukaishia hapo?" Kifungu alisema. "Mtu wa nini, hukumwambia? Sheria inaipa utu kwa mambo ya mali na kesi, basi. Inaiazima jina. Kifua haikupewa."

"Sikumwambia. Nilifurahi mno."

"Nenda nyumbani. Mtihani utaurudia Jumatatu. Kuna kifungu kinachoniruhusu."

"Kifungu kipi, mwalimu?"

"Nenda, nimesema."

Alifika bekari mchana. Kabla hajaingia alijua kuna jambo, kwa sababu kulikuwa kimya. Kimya alikuwa amesimama mlangoni, mikono yenye unga imening'inia, mdomo umefumba, na Dodosa hakuwa amewahi kumwona hivyo. Ndani, Fundi alikuwa ameketi juu ya gunia, viwiko magotini, akivuta hewa kidogo kidogo kwa mlio mwembamba. Chupa ya dawa ya kuvuta aliyopewa hospitali ilikuwa mkononi, haijafika mdomoni.

Wakamshika huku na huku wakamtoa nje, kibarazani. Dodosa alimshikilia ile dawa mdomoni, naye Fundi akavuta, akavuta tena. Wateja wawili walisimama mbali, wakaondoka bila kununua. Ilichukua muda mrefu. Hatimaye mlio ule ulipungua, na Fundi akafumbua macho, akatafuta kwa mkono barakoa yake iko wapi, kama mwanafunzi anayetafuta tai mwalimu mkuu akitokea.

"Baba," alisema Dodosa. "Nilikosea."

"Wapi?"

"Kwenye ngeli."

Fundi alimtazama kama aliyeambiwa nyumba imeungua kwa sababu ya nukta.

"Nilikwambia kampuni ni mtu, na sote tukaanza kusema amelala, ameamka. Hakulala wala hakuamka. Ni i-, baba. Imeandikishwa, imeuza, imefunga. Sheria imeiazima jina la mtu ili ishike mali na isimame kwenye kesi. Haina kifua. Unga ukijaa humo mpaka darini, yenyewe haikohoi. Wanaopumua humo ndani ni wewe na Kimya."

Fundi alitazama ndani, kwenye beseni. Halafu, kwa kuwa alikuwa Fundi, akauliza. "Na Kimya je? Naye si anapumua? Mbona yeye humtoi?"

Dodosa hakuwa amelifikiria. Alimgeukia Kimya, na Kimya akajitazama mikono.

"Kimya kifua chake bado kizima," Dodosa alisema taratibu, akitafuta njia huku anasema. "Atavaa barakoa puani, si kidevuni. Tutatoboa dirisha upande wa beseni. Na ataenda kupimwa, tena wiki hii. Umesema kweli, baba."

"Hm." Fundi alifuta unga kwenye nyusi. "Kwa hiyo siku zote hizi nimelea kitu."

"Umelea kitu, baba."

"Hakina uchungu, hakina njaa."

"Hakina."

"Mwanangu," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "mimi nilikuwa nimeshampenda."

Dodosa hakumsahihisha. Aliketi chini sakafuni, karibu na miguu yake, viatu vyeupe kwa unga. Alitaka kusema kwa hoja, kama alivyofundishwa, lakini hoja zilikuwa zimemwisha.

"Baba, mtu akikata roho, kesho yake watu wanasema imeletwa, imelazwa. Nimetoka kulisema hilo kwa mwalimu leo, na nilikuona wewe. Sitaki nikuseme hivyo. Naogopa. Naogopa kila nikiwa chuoni na simu ikilia."

Fundi alimwekea mkono kichwani. Kisha akakunja uso kama mtu aliyeona upenyo.

"Lakini marehemu ni a-, au sivyo? Marehemu alikuwa mtu mwema."

"Ndiyo, ni a-."

"Basi kumbe kuna njia ya kubaki..."

"Baba!"

Dodosa alilia kwa sauti sasa, wala hakujificha. Kimya naye akaanza. Fundi aliwatazama wanawake wawili wazima wakilia kibarazani mbele ya wapita njia, akashikwa na fadhaa.

"Nyamazeni, jamani. Nilikuwa nadodosa tu," alisema. "Nimesikia. Nimesikia, mwanangu."

Alifungua aproni yake mwenyewe, akaikunja, akampa Kimya. Hawakumwamini hata kidogo.

Jumapili mwashi alikuja akatoboa dirisha. Jumatatu Dodosa alirudia mtihani wake, na kampuni ikakataa, ikasaini, ikashtakiwa, kila kitu kwa i-. Jumanne hakuwa na vipindi asubuhi, akaenda bekari kumsaidia Kimya kuuza. Hewa ilikuwa inapita. Kimya alikuwa na barakoa puani na alikuwa anaongea ndani yake bila kupumzika, maneno yakitoka yamevimba, wateja wakiitikia wasichokisikia. Saa ya Fundi kufika ilipita. Wote wawili walikuwa wanatupia jicho mlango wa nyuma, ule anaoingilia siku zote, wala haukufunguka.

Ndipo Dodosa alipomwona. Alikuwa kwenye foleni, upande wa barabarani, nyuma ya mwanamke mwenye kapu. Alivaa shati safi la rangi ya samawati ambalo halikuwa na doa la unga, na bila unga ule alionekana mfupi kidogo, na mzee zaidi.

"Fundi, pita bwana," wateja walimwambia wakimwachia nafasi. "Unapangaje foleni kwako?"

Alikataa kwa mkono. Alisubiri mwanamke wa kapu ahudumiwe, akasogea kaunta.

"Mkate mmoja," alisema.

Kimya alimpa bila kuelewa. Fundi akatoa hela mfukoni, akaiweka juu ya kaunta.

"Fundi, unanitukana mbele za watu?" Kimya aliteremsha barakoa ili asikike. "Nichukue hela yako, ya mkate wako?"

"Pandisha hiyo barakoa," alisema Fundi. "Mkate ni wa kampuni. Mimi ni mtu mwingine."

Alimtupia Dodosa jicho, kama anayetaka kujua kama amelisema sawasawa. Dodosa alitikisa kichwa kukubali. Kimya alipandisha barakoa. Aliitazama ile hela, akafungua droo, akaitia humo pamoja na za watu wengine.

Fundi alichukua mkate wake, bado wa moto, akaubadilisha mkono huu na huu. Ng'ambo ya barabara mkewe alikuwa anamsubiri, amevaa nguo za kazini, amechelewa mahakamani na hajali. Fundi alisogea kando kumpisha mteja wa nyuma yake, akavuta pumzi ndefu, na kabla ya kuvuka akamwuliza mtu wa kwanza aliyekutana naye pale nje, kwa hamu ya kweli, watu ambao hawana bekari asubuhi kama hii huwa wanakwenda wapi.